Leseni Isiyovuka Barabara

Kila jioni Amparo alimwagilia mti wake maji aliyooshea vyombo. Mti wenyewe ulikuwa ndani ya pipa. Ulikuwa mti wa membriyo, tunda gumu la manjano linalofanana na pea, na mama yake alimpa ukiwa kijiti tu, kule kwao Delicias, mwaka aliofariki. Mama huyo alikuwa akipika membriyo kwa sukari mpaka zinakuwa nzito kama halua. Amparo aliisimulia harufu ile kana kwamba ameinusa asubuhi hiyo.

"Sasa huu utazaa lini?" nilikuwa nikimchokoza.

"Utazaa ukipata ardhi, Doña Tencha. Nani anazaa ndani ya pipa?"

Tencha ndiye mimi, jirani yao; hilo Doña ni heshima tu, kama Bibi. Nauza tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, na mdomo wangu hauna breki. Tulipanga kwenye uwanja wa nyumba za trela, upande wa Texas. Mwenye uwanja hakutaka mtu achimbe hata shimo la kitunguu. Kila Amparo na mumewe Nacho walipohama, mti ulihama pamoja nao, na pipa lake juu ya pikapu.

Mji wetu wa Anthony umekatwa na mpaka. Upande huu wa barabara ni Texas, upande ule ni New Mexico. Sisi hatukuwa na habari na mpaka huo. Kuku wangu walikula Texas wakaenda kutaga New Mexico, na hakuna aliyewauliza chochote.

Akishamwagilia mti, Amparo alivuka barabara, akasimama kwenye uzio wa Doña Cuca. Ile nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali ya udongo, ina mlango wa buluu. Nyuma yake palikuwa na ua mpana, halafu mashamba ya pekani, zile njugu za mitini. Amparo aliweka mikono juu ya uzio na kutazama. Alifanya hivyo miaka na miaka. Mimi nilimwona nikiwa jikoni kwangu, na haki ya Mungu, moyo uliniuma. Mtu anaweza kukitamani kitu mpaka ukaona aibu kumtazama.

Basi, mwezi ule ambao mji mzima unanuka pilipili za kuchomwa, Doña Cuca alimwita.

"Amparo, naenda kwa mwanangu Albuquerque. Magoti haya yamechoka. Nyumba nauza."

Amparo alishika uzio.

"Unauza kwa nani?"

"Mtu akinunua, nitauza kwa huyo. Lakini wewe umesimama hapo kwenye uzio muda mrefu, nitakuwa mtu gani nisipokusubiri? Nakusubiri mpaka pekani zianguke. Zikianguka hujapata mkopo, nisamehe, mwanangu. Kuna wengine wanaitaka."

Amparo alirudi anakimbia, machozi yanamtoka, anacheka. Nacho alikuwa ametoka kukamua ng'ombe kwenye shamba la maziwa, buti bado zina matope. Walikuwa wameweka akiba tangu binti yao Yaretzi azaliwe.

"Nampigia kompadre," akasema Nacho, hata hajavua buti.

Kompadre huyo ni Fermín Olivas. Yeye ndiye aliyembeba Yaretzi siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na Nacho wakaitana kompadre, na Amparo akawa komadre wake. Kwetu huo ni undugu mkubwa. Kompadre humpandishii sauti. Chakula unampakulia yeye wa kwanza. Na akikuambia jambo, humwambii alete ushahidi.

Fermín alifanya kazi El Paso, kwenye kampuni inayowatafutia watu mikopo ya nyumba. Alikuja Jumapili, buti zinang'aa. Alikula menudo, ile supu yetu ya utumbo, akaongeza na bakuli la pili.

"Komadre, usilie," akamwambia Amparo. "Nyumba hiyo ni yako. Niachieni mimi."

Walimpa karatasi zao za mshahara na za benki, zote. Amparo alilala usingizi mtamu. Aliniambia aliota anakata tunda la membriyo kwa kisu cha mama yake.

Wiki ile kulikuwa na somo kwenye ukumbi wa kanisa. Lilikuwa la watu wanaonunua nyumba ya kwanza, na mwalimu alikuwa Ofelia, mshauri wa mambo ya nyumba. Amparo hakutaka kwenda. Nilimvuta. Nilisikia kuna kahawa na mkate mtamu, sitaki kuficha.

"Kabla hujampa mtu karatasi zako," Ofelia alisema, "mwulize namba ya leseni yake."

"Mtu akiwa na tai na ofisi haitoshi?" nikauliza.

"Tai hata mimi naweza kuvaa, Doña Tencha. Anayekutafutia mkopo wa nyumba lazima awe na leseni ya jimbo. Na haipewi kwa sura. Anasoma masomo ya sheria na ya uaminifu. Anafanya mtihani. Anachukuliwa alama za vidole, waone kama ana makosa ya jinai. Wanaangalia na madeni yake mwenyewe anayalipaje. Halafu kila mwaka anasoma tena, anaomba upya."

"Na wa benki?" akauliza mama mmoja nyuma yetu.

"Wa benki wana utaratibu wao, lakini nao wana namba. Iko tovuti ya serikali za majimbo, bure kabisa. Unaandika jina, unaona mtu ana leseni au hana, na kama aliwahi kuadhibiwa."

Nilimpiga Amparo kiwiko. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Siwezi," akanong'ona. "Kompadre hatafutwi kwenye simu kama mwizi."

Ofelia alimsikia. Alikuja akakaa karibu naye.

"Mimi pia nina makompadre, Amparo. Najua uzito wake. Lakini huyu ana kazi mbili kwako. Baba wa ubatizo humwulizi kitu. Mtu wa mikopo unamwuliza. Kumbe wote wawili wamekaa kwenye kiti kimoja, ndiyo maana unaona tabu."

Amparo alifikiri. Kisha akatoa simu. Aliandika jina. Likatokea: Fermín Olivas, leseni hai, hana kosa hata moja.

"Unaona!" nikapiga makofi. "Mtu safi kama sahani!"

Ofelia hakupiga makofi. "Nyumba iko wapi?"

"Si pale kwa Doña Cuca," Amparo akajibu. "Ng'ambo ya barabara."

Ofelia akasogeza kidole kwenye simu. "Texas anayo. New Mexico hana. Wala kampuni yake haina."

"Lakini ni barabara tu!" nikasema. "Hata mbwa wangu anaivuka!"

"Mbwa wako hamwombei mtu mkopo. Sheria inaangalia nyumba imesimama wapi. Nyumba iko New Mexico, basi leseni iwe ya New Mexico. Likiharibika jambo, jimbo lile ndilo litakalowasikiliza, na litambana vipi mtu lisiyemjua?"

"Kwani ana nia mbaya?" Amparo akauliza.

"Sidhani. Labda amezoea kama sisi sote, kuvuka bila kufikiri. Lakini mkopo unaweza kukwama katikati, na Doña Cuca akauza kwa mwingine. Yeye mwenyewe anaweza kutozwa faini, hata kunyang'anywa ile ya Texas. Na akikuambia kwamba rafiki yake mwenye leseni ataweka jina, huku kazi anaifanya yeye, kataa. Hilo ni baya zaidi."

Tulirudi kwa miguu. Amparo hakusimama kwenye uzio siku hiyo. Alipita ameangalia chini.

Nacho aliposikia alitupa kofia sakafuni.

"Nimwulize kompadre leseni? Mimi? Alimbeba mwanangu!"

"Na mimi nimemzaa," Amparo akasema. "Nacho, nimeishi na mti kwenye pipa. Nikiikosa nyumba ile kwa sababu ya kuona haya, nitakuchukia, na sitaki kukuchukia."

Trela zina kuta nyembamba. Nilisikia yote, na nilipunguza redio ili nisikie vizuri.

Jumapili Fermín alikuja tena, na mimi nilikuwa mezani kwao. Amparo alimpakulia wa kwanza, kama kawaida. Hakukaa.

"Kompadre, naomba unisamehe kwa nitakalosema."

"Sema, komadre."

"Leseni yako ni ya Texas. Nyumba ni ya New Mexico."

Fermín aliweka kijiko chini. "Nani kakwambia? Huyu Tencha?"

"Mimi nilikuwa nakula tu," nikasema.

"Nimeangalia mwenyewe," Amparo akasema.

"Umenitafuta? Mimi?" Uso ulimshuka. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sawa. Hakuna shida. Nina rafiki Las Cruces, ana leseni ya kule. Ataweka sahihi yake, mimi nitafanya kazi. Ni barabara tu, komadre."

Nacho alimtazama mkewe. Amparo ndiye aliyejibu.

"Hapana, kompadre. Sitaki nyumba iliyopatikana kwa kujificha. Na sitaki wewe upoteze kazi kwa ajili yangu. Una watoto."

Fermín alisimama. Alirudisha karatasi zote juu ya meza, akachukua kofia. Bakuli lilibaki limejaa. Kwetu kompadre haachi chakula mezani. Amparo alilitazama bakuli lile mpaka mafuta yakaganda juu.

Asubuhi yake walirudi kwa Ofelia. Walipata mama mmoja wa Las Cruces anayefanya kazi hiyo. Amparo alimtafuta kwanza kwenye simu: leseni ya New Mexico ipo, kampuni ipo. Mama huyo hakununa.

"Vizuri umeniangalia," akasema. "Wangefanya hivyo wote, mimi ningelala vizuri."

Aliwaeleza gharama zote, na kila asichokijua Nacho alikiuliza, mpaka jasho likamtoka.

Kisha ikawa kungoja. Majani ya mipekani yalianza kugeuka. Siku ya kuzaliwa ya Yaretzi ilifika na Fermín hakuja. Mtoto aliuliza mara kwa mara padrino wake, baba yake wa ubatizo, yuko wapi, na kila akiuliza, Nacho alitoka nje kwenda kuangalia gari ambalo halikuwa na ubovu wowote.

"Nilitaka nyumba," Amparo aliniambia usiku mmoja. "Lakini nilitaka niingie nao wote. Sasa naitamani nyumba, na kompadre namkumbuka. Moyo wangu umekuwa kama ile barabara, Doña Tencha. Nusu huku, nusu kule."

Nilimpa tamale ya moto. Na mimi kugawa tamale bure, ujue hali ni mbaya.

Pekani zilikuwa zimeanza kupasuka maganda pale mkopo ulipotoka. Mashine za kutikisa miti ili pekani zianguke zilikuwa bado hazijafika. Walitia sahihi Las Cruces. Doña Cuca alimkabidhi Amparo ufunguo, akambusu kwenye paji la uso, akasema mlango wa buluu unakwama wakati wa mvua, ausukume kwa bega.

Jumamosi tulivusha pipa. Nacho alianza kuchimba uani. Ardhi ilikuwa ngumu, tukawa tunapokezana. Ndipo likasimama gari, na Fermín akashuka. Alikuwa na buti zake nzuri, na sepeto mkononi.

Alivua kofia mbele ya Amparo.

"Komadre, nilikuwa na hasira. Halafu nilimwuliza bosi wangu. Alibadilika rangi. Kumbe na yeye alikuwa anafikiri ni barabara tu. Kampuni imeomba ruhusa ya huku, ikapewa. Mimi nimesoma masomo ya jimbo hili, nimeomba leseni, imetoka." Akaweka sepeto chini. "Nitafute."

"Sina haja, kompadre."

"Nitafute, tafadhali. Nataka nikuone ukinitafuta."

Amparo alifuta udongo mikononi, akatoa simu. Alisoma kwa sauti, polepole: Texas, ipo. New Mexico, ipo. Fermín aliitikia kwa kichwa kama mtoto anayesomewa alama zake. Yaretzi akamrukia shingoni, na Nacho akageuka kupangusa uso, akasingizia vumbi.

Fermín alichimba shimo lililobaki. Tulipolitoa pipa, mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka ndani yake, haina pa kwenda. Amparo aliilegeza kwa vidole, akaishusha ardhini. Mchana huo Fermín alikula menudo mpaka mwisho, akapangusa bakuli kwa tortilla, chapati yetu ya mahindi.

Jioni nilikuwa nimerudi kwangu, nikatazama kutoka jikoni. Nikamwona Amparo. Alikuwa amesimama barabarani, upande wa nje wa uzio, mikono juu yake, anaitazama nyumba.

Nilifungua dirisha.

"Wee Amparo! Unafanya nini huko nje?"

Alishtuka. Akajitazama miguu, akautazama uzio, akaanza kucheka huku analia.

"Nimezoea, Doña Tencha."

"Ingia ndani, mwanangu! Ni kwako!"

Akasukuma geti, akaingia.