Benchi la Bonge

Kila wakitoka shule, Chiriku na binamu yake Bonge walipitia karakana ya shangazi, mama yake Bonge, ambaye alikuwa fundi seremala. Wiki hiyo kila mmoja alikuwa akitengeneza benchi dogo la maonyesho ya shule.

Lakini Jumatatu Bonge alikuwa ameropoka darasani kwamba Chiriku bado anakojoa kitandani. Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akainamia daftari lake.

"Atanitambua," alijiapiza.

Shangazi alikuwa amewafundisha kwamba plaiwudi yao ina tabaka tatu. Nyuzi za tabaka la juu na la chini huelekea upande mmoja. Za katikati hukatiza. Mhimili, ule ubao wa chini wa kubeba uzito, hukatwa kwa kufuata nyuzi za nje. Ukikatwa kinyume, unategemea lile tabaka la katikati peke yake, nao huvunjika upesi.

Basi Bonge alipotumwa gundi, Chiriku alimkatia mihimili kinyume, akaipaka rangi ili nyuzi zisionekane. Siku ya maonyesho Bonge angekaa mbele ya wote, aanguke puu! Sasa wangemcheka yeye. Utamu ulioje!

Jumamosi bibi yao alikuja kuwatembelea, akichechemea kwa maumivu ya nyonga.

"Bibi, kaa hapa," Bonge alisema, akimvutia benchi lake jipya.

"Usikae, Bibi!" Chiriku alipiga ukelele, kisha akalia na kusema yote.

Shangazi hakugomba. Aling'oa mhimili mmoja, akaulaza juu ya vigoda viwili, akaukanyaga. Ukavunjika mara moja.

"Hii ingekuwa nyonga ya bibi yako," alisema.

Bibi akamgeukia Bonge. "Na wewe ulimfanya nini mpaka akuchukie hivi?"

Bonge alitazama vidole vya miguu yake. "Nilimzulia jambo darasani. Nisamehe, Chiriku. Jumatatu nitawaambia wote kuwa nilidanganya."

"Nisamehe na mimi," Chiriku alijibu, bado akifuta machozi.

Walikata mihimili mipya pamoja, wakifuata nyuzi. Bibi akawa wa kwanza kukaa, na benchi halikutikisika.

"Ukikosewa, njoo uniambie," shangazi alimwambia Chiriku. "Ukitega benchi, huwezi kumchagua atakayelikalia."

"Na Jumatatu Bonge akijisahaulisha?"

"Hatasahau. Nitakuja darasani kumsikiliza."

Chiriku akainama kufagia, ili wasimwone akitabasamu.