Kwa Mgiriki, Msimu wa Mabibo

Jumamosi ile Soko Kuu la Mtwara lilikuwa limefurika, na Rozalia alikuwa amesimama kwenye kibanda cha vitenge akigombana na muuzaji. Muuzaji aliapa kwamba kitenge kile cha bluu kilikuwa yadi sita kamili. Rozalia, aliyezoea kununua sare za kikundi kizima cha akina mama, alikitazama tu akajua hazifiki.

"Yadi sita za wapi, kaka? Hii hata mtoto wa chekechea haimtoshi gauni."

"Dada, mimi sidanganyi wateja."

"Basi tupime."

Cha kupimia hakikuwepo. Ndipo akamwona kijana mrefu akipita katikati ya watu: shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, suruali ya khaki, na kiunoni futi kubwa ya njano kama za mafundi. Rozalia hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alinyoosha mkono akaichomoa.

"Niazime dakika moja, kaka. Shika huko mwisho."

Kijana akashika kabla hajajua anashika nini. Walivuta, wakapima, akasoma kwa sauti ya ofisini: "Mita tano na sentimita tano. Yadi sita inakaribia mita tano na nusu."

"Umesikia?" Rozalia alimgeukia muuzaji. "Serikali imesema."

Watu wakacheka. Muuzaji akatoa kitenge kingine huku akinung'unika, na Rozalia akarudisha futi kwa mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililombana kiunoni, nywele kasuka mistari inayorudi nyuma, na macho yake hayakuwa na haraka ya kuondoka usoni pa mtu.

"Mimi si serikali," kijana alisema. "Naitwa Fadhili. Napima majengo ya zamani, nimekuja kutoka Dar wiki hii. Kuna jengo moja hapa Chikongola..."

"Kwa Mgiriki."

"Unalijua?"

"Nani asiyelijua?"

Kwa Mgiriki kilikuwa kiwanda cha bia. Mgiriki mmoja alikijenga zamani, bandari ilipokuwa inajengwa na wapagazi wakawa na kiu. Alijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene za kulala mtu juu yake, bomba refu la moshi, na chini ya ardhi ghala la kupoozea mapipa. Mgiriki alipoondoka pakawa kilabu cha pombe. Kilabu nacho kikafungwa, majani yakaota juu ya paa. Sasa kampuni moja ilikuwa imelichukua jengo ili iliweke sawa bila kulibomoa: mgahawa juu, vyumba vya wageni pembeni, na chini sehemu ya kuuzia vinyago.

"Nasikia palikuwa pa walevi tu," Fadhili alisema. "Na wewe, dada, unafanya kazi gani?"

Hapo ndipo Rozalia alipoharibu mambo, ingawa hakujua. "Niko upande wa Naliendele," alijibu. "Mambo ya korosho."

Haukuwa uongo mtupu. Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, alikwenda kweli, wiki mbili, kujifunza kutengeneza juisi na jemu ya mabibo, matunda ya mkorosho. Lakini kazi yenyewe, yeye na mama yake na wanawake wengine kumi, waliifanyia Kwa Mgiriki, wakikamua juu na kupoozea chini kwenye lile ghala. Bibo halina subira. Likianguka asubuhi, kesho yake limechacha, na mahali pekee mjini penye ubaridi wa bure palikuwa pale chini. Shida ni kwamba mama yake alikuwa ameanzia pale pale enzi za kilabu, akiuza uraka, pombe ya mabibo, na shuleni Rozalia aliitwa mtoto wa kilabuni mpaka akamaliza darasa la saba. Mbele ya shati jeupe namna ile, jina hilo lilimrudia likamziba mdomo.

Mapenzi yao hayakuchukua muda kushika moto. Fadhili alipima kuta mchana, jioni alikula pweza na Rozalia pale Feri, na aliporudi Dar kuchora, simu ikawa haipoi.

"Malkia wa korosho, umekula?"

"Nimekula. Wewe mpimaji, umepima nini leo?"

"Nimepima siku zilizobaki nikuone. Zimezidi kipimo."

"Nenda huko! Na jemu niliyokupa?"

"Imeisha. Nilikuwa naila kwa kijiko, mkate naona unanichelewesha."

Rozalia alicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Alikuwa anampenda, na alijua anampenda. Mara mbili tatu alitaka kumwambia habari ya ghala, akaahirisha. Alijipa moyo kwamba kupima ukuta si kufukuza watu, na kwamba mpimaji lazima angeona mwenyewe.

Lakini angeona nini? Alipima mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu mikorosho ina majani tu. Mashine za kukamulia zilikuwa zimeoshwa na kuwekwa nyumbani kwa Bi Hawa, mwenyekiti wa kikundi, kwa sababu wezi wanapenda chuma. Kule ghalani kulibaki vumbi, utando wa buibui na ndala moja. Kwa Rozalia hilo halikuhitaji maelezo. Mtwara nzima inajua kuwa mabibo yana msimu wake, na hakuwahi kuwaza kwamba yupo mtu mzima, tena msomi, asiyejua. Fadhili alikulia Same. Korosho alizozijua yeye zilitoka kwenye pakiti.

Mwezi wa nane, asubuhi, Bi Hawa alifika mbio, mtandio umemshuka mabegani.

"Rozi, twende ukasome mwenyewe. Macho yangu yamekataa."

Mlangoni Kwa Mgiriki palikuwa pamebandikwa tangazo. Ukarabati utaanza tarehe mosi Septemba. Kwa mujibu wa ripoti ya upimaji, jengo halina watumiaji. Chini, kwa herufi ndogo, jina la mpimaji: Fadhili.

Rozalia alipiga simu akiwa amesimama pale pale juani.

"Mpenzi, leo umeniwahi..."

"Usiniite mpenzi. Umeandika jengo halina watumiaji?"

"Jengo gani? Kwa Mgiriki? Rozi, sikukuta mtu. Nilikwenda siku nane, sikukuta hata mbuzi."

"Mwezi wa tatu! Nani anakamua mabibo mwezi wa tatu?"

"Mabibo gani?"

"Mama yangu anafanyia kazi mle! Mimi nafanyia kazi mle! Mabibo yanaanza Septemba na nyinyi Septemba hiyo hiyo mnafunga. Jemu uliyokuwa unakula kwa kijiko ulidhani inatoka wapi?"

"Naliendele," Fadhili alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Si wewe uliyeniambia Naliendele?"

Rozalia akafanya wanachofanya watu wengi ukweli ukiwakaba: akakata simu. Fadhili alipiga mara kumi na nne siku ile, zote zikaita bure. Usiku Rozalia alilia kwa hasira, na hakuweza kusema ni nusu ipi ya hasira hiyo ilikuwa juu ya Fadhili na ipi juu yake mwenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao wiki iliyofuata. Kampuni ilimleta mwakilishi wake, mzee mpole mwenye miwani, na ilimleta Fadhili asome ripoti. Wanawake walikaa upande mmoja wa ofisi, wote kumi na wawili, sare ya kitenge cha bluu. Fadhili alikiona kile kitenge akainamisha kichwa.

"Akina mama," mwakilishi alisema, "sisi hatuna ugomvi na mtu. Jengo tunalitunza. Lakini ripoti inasema ni tupu. Kama mlikuwemo, mbona mpimaji hakuambiwa?"

Bi Hawa alimtazama Rozalia, na mama yake pia alimtazama. Rozalia alisimama.

"Mpimaji alikuwa mchumba wangu," alisema. "Aliniuliza nafanya kazi wapi, nikamficha. Niliona haya kusema natoka Kwa Mgiriki. Pale ndipo mama yangu aliponilea, pale ndipo nilipopatia ada, na mimi nikapaonea haya. Kosa hilo ni langu. Lisiwafukuze wenzangu."

Mama yake alifunika uso kwa upindo wa kanga. Watu wakaanza kunong'ona, na katikati ya minong'ono Fadhili naye akasimama.

"Hata asingenificha," alisema, "kuuliza ilikuwa kazi yangu. Nilipima kuta sikuuliza jirani hata mmoja. Nilikuta vumbi nikaandika hakuna watu. Ripoti hii siisimamii tena. Naomba iandikwe kwenye muhtasari, na jina langu."

Mwakilishi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasema haya basi. Ujenzi usubiri hadi Januari. Mwisho wa mwezi wa kumi kikundi kilete mchoro wa jengo zima, chumba kwa chumba, unaoonyesha wanatumia nini na lini, nao watapangiwa nafasi ndani ya ramani mpya. Wasipoleta, ramani ya zamani itaendelea. Kisha akamgeukia Fadhili na kumwambia kwa upole ule ule kwamba kazi ya kusimamia ujenzi atapewa mtu mwingine.

Rozalia alipotoka nje kumtafuta, alikuwa ameshapanda basi la mchana.

Septemba ikapita. Mabibo yakaanza kudondoka, mekundu na ya njano, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye mashuka. Wanawake walikamua tangu alfajiri, ila mchoro haukuwa na mchoraji. Rozalia alijaribu mwenyewe kwa rula ya mwanafunzi. Alichochora, Bi Hawa alikigeuza juu chini akauliza kama ni ng'ombe.

"Mpigie," Bi Hawa alisema.

"Nitamwambia nini, Bi Hawa? Amepoteza kazi kwa ajili yangu."

"Mdomo uliomwambia Naliendele, huo huo umwambie Kwa Mgiriki. Mwanangu, haya haijawahi kukamua hata bibo moja."

Alipiga akiwa ghalani, mgongo kwenye ukuta wa baridi. Iliita mara moja tu.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Najua. Jina lako halijafutika humu."

"Tunahitaji mtu wa kupima jengo."

"Mafundi wapo hata Mtwara, Rozi."

"Wapo. Ila nakutaka wewe. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti. Na nisamehe. Sikukuonea haya wewe, nilijionea haya mwenyewe."

Upande wa pili kulikuwa na honi na kelele za Kariakoo. "Ulidhani ningejua ningekupenda pungufu?"

"Sikujua. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Na mimi sikujua bibo lina mwezi wake. Tumeumbuka wote. Hayo mabibo yatakuwepo mpaka lini?"

"Sasa hivi ni tele. Njoo kabla hayajaisha."

"Ijumaa niko hapo."

Ijumaa alifika asubuhi, futi kiunoni, na shati jeupe kama kawaida yake. Bi Hawa alimwangalia juu hadi chini. "Baba, humu hawaingii na shati hilo." Fadhili alicheka akasema atajiangalia. Hazikupita dakika kumi, ndoo ya mabibo ikampitia ubavuni, na doa la kahawia likaanza kutanda kuanzia kwapani hadi kwenye mfuko.

"Hilo halitoki," Rozalia alimwambia. Alikuwa amejifunga kitenge kikuukuu chenye madoa ya misimu sita, kilemba kimekaa upande, na hakukumbuka kuona haya. "Tia sabuni yoyote, tia ndimu, lianike juani juu ya bati. Halitoki."

"Basi tumefanana."

Walipima siku nzima. Kila chumba Rozalia alishika mwisho wa futi, Fadhili akavuta, akasoma, akaandika. Lakini safari hii kila baada ya kipimo alisimama kuuliza. Hapa mnafanya nini? Na mvua zikinyesha? Na mabibo yakiisha, nani ana ufunguo? Akina mama walimjibu wote kwa pamoja, na yeye aliandika yote, hata kwamba kona ya kusini Bi Hawa huswalia adhuhuri. Mama yake Rozalia alimwonyesha mahali mtungi wake wa uraka ulipokuwa ukikaa zamani, akasema bila kupepesa macho, "Na hilo andika." Akaandika.

Ghala waliliacha mwisho. Walishuka wawili tu. Juu walisikia mashine zikilia na Bi Hawa akimgombeza mtu; chini kulikuwa na baridi, na mitungi ya juisi imejipanga ukutani.

"Shika huko mwisho," Fadhili alisema.

Rozalia alishika. Fadhili alivuta mpaka ukuta wa pili, akasoma, lakini hakuandika. Alisimama pale mbali, futi imenyooka kati yao.

"Rozi, niliambiwa kwenu posa inapelekwa kwa mjomba."

Rozalia alikaza kidole juu ya futi isichomoke. "Ndiyo. Wa kwangu yuko Kitaya, huko mtoni."

"Najua. Nimemuuliza mama yako." Fadhili alitoa kalamu sikioni, akafungua daftari ukurasa mpya. "Sasa kabla sijafunga safari nikakuta vumbi, nikarudi kuandika kwamba mtu hayupo, naomba nikuulize vizuri. Mjomba nyumbani anapatikana miezi gani?"

Rozalia alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo akicheka.

"Mvua zikianza anahamia shambani, bondeni," alisema. "Humpati tena mpaka mavuno. Ukitaka kumkuta, nenda mwezi huu."

Fadhili akaandika.