Kizibo cha Chupa ya Etha

Kizibo cha chupa ya etha kilikuwa mezani, kimepinduliwa, na juu yake pametandazwa leso safi.

Kornel Lugembe alisimama mlangoni na funguo mkononi. Jana jioni alikikaza mwenyewe, akafunga na mlango. Kukipindua kizibo ili kisiokote uchafu ni jambo linalofundishwa darasani. Lakini kukifunika kwa leso ilikuwa desturi ya mtu mmoja tu: Koleta, mkewe, aliyefundisha naye katika maabara hiyo mpaka homa ya uti wa mgongo ilipomchukua masika yaliyopita.

"Minza," aliita kwa sauti ya chini. "Umeigusa chupa hii?"

Minza, fundi wa maabara, binti wa Igunga asiyejua kunong'ona, safari hii alinong'ona. "Sijaigusa, mwalimu. Hata juzi niliikuta hivyo. Nilidhani ni wewe."

Kornel aliifunga chupa. Leso akaitia mfukoni.

Maabara hiyo ya chuo kikuu ilikuwa Gongoni, ndani ya tembe la enzi za misafara lenye kuta nene na madirisha madogo, lililokuwa la marehemu Sultanali kabla majumba hayajataifishwa. Wanafunzi walifundishwa humo kutoa mafuta ya karanga kwa etha, kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto upesi. Feni ya kufyonza mvuke ilikuwa imekufa, na spea zilisubiri fedha za kigeni. Kwa hiyo madirisha yalipaswa kuwa wazi, na moto usiingie kabisa. Kibao cha mlangoni alikiandika Koleta kwa rangi nyekundu: MARUFUKU MOTO. Tena alikuwa akisimama chini yake na kuwapekua wanafunzi. "Toa kiberiti, toa sigara, toa na barua ya mchumba, nayo inaunguza!"

Asubuhi zilizofuata kizibo kilikutwa vilevile, kila mara na leso nyingine, na Kornel hakumwambia mtu. Alianza kuacha madirisha yamefungwa. Etha ina harufu tamu inayopanda kichwani, na magauni ya Koleta yalinukia hivyo kila aliporudi nyumbani. Adhuhuri, wanafunzi wakiwa wamekwenda kula, alijifungia humo, akaketi, akavuta pumzi.

"Mwalimu, kichwa kinaniuma," Minza alisema. "Tufungue hata dirisha moja."

"Acha kwanza."

Dolatbai, mjane wa Sultanali, ambaye bado aliishi katika chumba cha uani, alimkuta ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, mwalimu." Alinusa hewa. "Ameanza, sivyo? Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Alishusha sauti. "Jini wa nyumba. Alikuja kutoka pwani ndani ya mzigo wa ubani, na pagazi aliyeubeba akafia hapa hapa. Mama mkwe wangu alimfukizia kila mkesha wa Ijumaa, na mimi baada yake. Serikali imechukua nyumba, haya, ni yenu. Mbona yeye hamkumchukua? Mmemwacha na njaa. Nitaleta chetezo."

"Humu hauingii moto, mama. Hata cheche."

"Yeye ndiye moto, mwanangu. Moto usio na moshi."

Kornel alitaka kucheka, ila alikumbuka jinsi etha inavyowaka mchana: mwale hafifu usioonekana mpaka umekwisha kukushika.

Adhuhuri iliyofuata aliketi tena. Kimya. Kisha kioo kikasaga kioo: kizibo kilikuwa kikijizungusha shingoni mwa chupa, polepole, kama kinachozungushwa na vidole vyenye subira, kikapanda, kikapinduka hewani, kikatua mezani bila mlio, na ile harufu ikashuka kama maji, kwa maana mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, ikatambaa sakafuni, ikamzunguka miguu, ikapenya chini ya mlango kuelekea ukumbini, na kutoka gizani nyuma ya kabati ile sauti aliyoililia tangu masika ikasema, taratibu, ikimwita kwa jina la mtoto wao aliyekuwa kwa bibi yake Nzega:

"Baba Anton."

Aligeukia kabati.

"Baba Anton, huku kuna giza. Niwashie."

Kiganjani mwake palikuwa na kiberiti. Hakuvuta sigara, hakujua kilifikaje. Kidole gumba kilikuwa kimekwisha kukifungua, na njiti ilikuwa katikati ya vidole.

"Niwashie, nikuone."

Mkono ulianza kupanda. Ndipo alipomwona Koleta moyoni, amesimama chini ya kibao chake, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukidai viberiti. Mwanamke yule asingeomba moto katika chumba hiki, hata kutoka kaburini.

"Wewe si Koleta," alinong'ona, na njiti ikamponyoka.

Kitu kikacheka, kwa sauti isiyo ya mke wala mume, na kicheko kikakimbia sakafuni mpaka mlangoni. Huko ukumbini nyayo zilikuwa zikija, na mbele yake harufu ya ubani. Minza, kwa kumhofia mwalimu wake, alikuwa amekwenda kumwita Dolatbai; na Dolatbai, kwa huruma, alikuwa akija na chetezo chenye makaa mekundu.

"Minza!" Kornel alipiga kelele. "Mchanga! Mwagia chetezo!"

"Mwalimu, ni dawa ya—" Minza alianza.

"Mwaga!"

Minza alinyakua ndoo ya mchanga iliyokaa ukutani, akaimwaga yote. Makaa yakafukiwa. Juu ya mchanga hewa ilitetemeka, kimo cha mtu, kama inayoinama kunusa, kisha ikatulia.

Walifungua madirisha yote. Chupa walizihamishia uani, kivulini, mbali na jiko. Dolatbai alikaa chini ukumbini, kichwa mikononi. "Ningewachoma watoto wa watu," alirudia. "Kwa mkono wangu."

Jioni upepo ulikuwa umekipitia chumba mpaka hakikunukia ila chokaa na vumbi. Kornel alitoa leso mfukoni, akaiweka puani. Haikuwa na harufu yoyote. Aliikunja vizuri, kisha akafunga mlango.

Asubuhi alimkuta Minza nje, hataki kuingia.

"Umefuta wewe, mwalimu?"

"Nimefuta nini?"

Alimwonyesha kibao. Rangi ya Koleta ilikuwa nyekundu kama siku alipoipaka, lakini neno la kwanza halikuwapo. Ubao mahali pale ulikuwa safi, kama haujawahi kuandikwa. Lilibaki moja tu.

MOTO.