Mutumwa wa Katikati

Lori lilikwama kwenye tope la Kashebere siku ya soko, abiria wakashuka wakilaani. Wa mwisho alikuwa Dusabimana, fundi wa kompyuta kutoka Masisi, koti limelowa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akainua uso, akamkuta Kavuo, kitambaa cha kijani kichwani, mlangoni pa duka la baba yake. Walikuwa wapenzi. Tangu Januari hawakusemezana.

"Uko hai?" Kavuo akauliza.

"Niko hai. Ninachoka tu."

"Basi ingia. Mashini yako imenichosha na mimi."

Yako, kwa sababu ni yeye aliyeiwekea ule mfumo wa ajabu, enzi za mapenzi matamu: kiini kidogo sana cha kuiendesha mashine, na kila kazi nyingine ina programu yake ndogo, mtumishi wake. Umeme ulikatika, na sasa programu ya mauzo haiongei na ya stoki, yaani ya bidhaa zilizomo dukani, ingawa zote zimo ndani ya mashine moja. Kioo kiliandika: *Connexion refusée*, muunganisho umekataliwa.

"Unaona? Stoki inakatala."

"Haikatale, chérie." Neno hilo la mapenzi likamponyoka. "Iko inangoja. Hizi mbili haziongeake zenyewe, kuko mutumishi wa katikati anapelekaka maneno. Ni yeye njo alikufa."

Kavuo akamgeukia, kwa sauti iliyochoka: "Na wewe, kwetu ulitumaka nani?"

"Papa Munyakazi, anisemee kwa baba yako. Alirudi akasema mulikatala."

"Weee! Hakuna mutu alifika!"

Dusabimana akampigia simu Papa Munyakazi palepale. Mzee akakohoa. "Barabara ilifungwa, mutoto wangu. Niliona haya kurudia bila jibu, nikasema walikatala."

Mungu wangu! Dusabimana alitamani kulia. Akamwamsha yule mtumishi wa mashine, na risiti ya kwanza ikatoka.

"Kesho Papa yangu anamujibu Katembo," Kavuo akasema. "Anataka kunioa."

"Nitamwambia baba yako sasa hivi!"

"Nyamaza. Kwetu muoaji hajisemeake."

"Nani atanisemea, basi?"

Kavuo akakaza kitambaa chake, akaingia nyuma ya duka, ambako baba yake, Papa Kasika, alikuwa anapima maharagwe.

"Papa, nimetumwa na Dusabimana. Anaomba mutoto wako."

Mzee akaweka chini kopo. Akavuta kiti, akakipangusa vumbi.

"Mutumwa wa posa hasimameake," akasema. "Ikala, tuongee."