Kikohozi cha Babamkwe

Kiti cha kando ya Asifiwe kilikuwa kimelowa. Tumpale alikigusa, akanusa kiganja, akakunja pua. Tope, tena lile la ufukwe wa Lyulilo kwao, pale akina mama wanaposhusha vyungu mitumbwini. Sasa tope la ziwani limepandaje ndege, tena hadi daraja la biashara?

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, mapazia yamepauka, na kila ikitikisika dari lililia kama kitanda kibovu. Tumpale hakujali. Mwanawe Asifiwe alikuwa na miaka minne na tundu kwenye moyo, na Bombay kulikuwa na daktari wa kuliziba.

Hakukaa mbele kwa majivuno, msimwonee bure. Babamkwe wake, Mzee Ambrose, ndiye aliyelipia safari kwa kakao yake ya Bujonde, mwaka ule wa 1994 wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombea magunia, naye aling'ang'ania kuja. Kwa Wanyakyusa mkamwana na babamkwe hawaonani uso. Watakaaje chumba kimoja kutwa nzima? Basi mzee aliketi nyuma, Tumpale na mtoto mbele, pazia katikati. Hata kwenye ngazi za ndege mzee alikohoa mara mbili, kile kikohozi chake kikavu cha kutoa taarifa, na Tumpale akajifunika khanga mpaka alipopita.

Mhudumu, binti wa pwani aitwaye Samira, alipouona mkono wa Tumpale juu ya kiti kile alibadilika uso. Alimnong'oneza kwamba kiti hicho hakiuzwi, kwamba mto wake umebadilishwa mara nne na bado unalowa.

"Dada, akikaa mtu hapo, mtazame usoni," alisema. "Ukimtazama anaondoka. Usipomtazama, anachukua anachotaka."

Tumpale aliapa kwamba atamtazama, hata awe shetani mwenyewe. Na hakuwa mwoga, hilo nalisema.

Baada ya chakula madirisha yalifungwa ili watu waangalie filamu, ingawa nje jua lilikuwa kali. Pazia likasogea. Kikasikika kikohozi, mara mbili, kikavu.

Kabla hajafikiri, khanga ilikuwa usoni na yeye ameukabili ukuta wa ndege. Alifurahi, maskini. Mzee amekuja kumwona mjukuu.

Kiti kikalia, maji yakachuruzika sakafuni.

"Mama," Asifiwe alinong'ona, "babu ana mikono ya maji."

"Nyamaza. Mheshimu babu yako."

"Mama, ananibana kifuani."

Tumpale akajiambia kwamba mzee anamwombea mtoto, kwamba wazee wa kanisani huweka mkono palipo na ugonjwa, na akaendelea kujiambia hivyo huku harufu ya tope ikimjaa kooni, huku pumzi ya mwanawe ikikatika na kurudi na kukatika tena, huku mkono wake mwenyewe ukitaka kuinua khanga na ukigoma, maana tangu aolewe mkono huo ulifundishwa kushusha khanga tu mbele ya kikohozi hicho, mpaka pumzi ile ndogo ikanyamaza kabisa.

Ndipo Samira akaja, akasimama upande wake.

"Dada, mzee wako kule nyuma anaomba aje kumwona mtoto," alisema. "Anasema ujifunike kwanza. Hajainuka tangu Dar."

Tumpale alishika upindo wa khanga ili aivue. Kando yake kikasikika kikohozi, mara mbili, kikavu, kutoka kwenye kifua kidogo cha Asifiwe. Mkono ukashuka.

Bombay walimpima wiki nzima wasilione tundu. Mzee Ambrose alilia kwa furaha, na Bujonde wakachinja ng'ombe. Gidion, baba wa mtoto, alimbeba begani kijiji kizima, akisema kwamba mtoto ana jasho jingi siku hizi, lakini mzima.

Tumpale hakumwambia mtu. Alijua kwamba akimtazama usoni mara moja tu kitu kile kitaondoka, na alijua pia kitakachobaki mikononi mwake kikishaondoka. Kwa hiyo kila jioni mtoto akifika mlangoni hukohoa mara mbili, na mama hujifunika, na sahani husukumwa kwa kupapasa. Asifiwe ametimiza miaka sita sasa. Majirani wanasema ameanza kung'oka meno ya utoto. Mama yake hajayaona.