Sauti Isiyovuta Pumzi

Kompyuta ilivuta pumzi, na Irambona akakasirika. Hakuogopa. Kuogopa aliwaachia watu wa mashambani. Yeye alikasirika tu, kama fundi aliyekuta mtu kagusa vyombo vyake. Ilikuwa asubuhi, stendi ya Ngara imechangamka, bodaboda wanagombania abiria, na yeye kajifungia kwenye kile chumba alichokiita studio. Chumba chenyewe hakina dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro. Aliirudisha sentensi nyuma, akasikiliza tena.

"Gudo moningu," ilisema sauti ya mwanamke. Halafu hewa ikaingia, taratibu, kama mtu aliyepanda mlima. Kisha: "Chirudoren."

Haikuwezekana. Pumzi zote za sauti ile alikuwa amezikata kwa mkono wake mwenyewe.

Huyu Irambona, ngoja nikwambie, dharau ilikuwa mwilini mwake. Aliwadharau wateja kwa Kiswahili chao, akawadharau walimu kwa Kiingereza chao, akaidharau Murusagamba nzima, kijijini kwao mkewe, kwa sababu barabara ya huko ilimchafulia viatu. Alikaa Dar kidogo, akarudi na lafudhi ambayo hata leo hatujui aliiokota wapi. Akitamka neno la Kiingereza alifumba macho ajisikilize, na akishajisikiliza alitabasamu peke yake. Mkewe Claudia, mwanamke ambaye yeye hakumstahili hata kidogo, Irambona alimwita "mama ndizi" mbele za wageni. Claudia alinyamaza. Wanyamavu ndio humpa mtu kama huyo kichwa.

Sasa, mwalimu Fideli, mkuu wa shule moja ya watu binafsi iliyo kilima cha pili, ile ya Kiingereza tangu chekechea, alitaka sentensi za kupiga kwenye spika watoto wakiwa mstarini. Salamu, kuomba ruhusa, mambo hayo. Sauti ya walimu wake hakuitaka, eti ina ushamba. Irambona akapiga kifua: ana programu ya Wajapani inayotengeneza mtu wa kusema. Unamrekodi mtu akitamka vipande vidogo vidogo, a, i, u, e, o, ka, ki, ku, ke, ko, basi, mashine inaviunganisha iseme chochote unachotaka. Imetengenezwa kwa ulimi wa Kijapani, kwa hiyo Kiingereza lazima ukikatekate kwanza uingize kwenye vipande vyao, na kinachotoka ni gudo moningu badala ya good morning, chirudoren badala ya children. Na l na r kwake ni kitu kimoja. Kwa hilo tu ilikuwa mwenyeji halali wa Ngara.

Sauti iliyokuja na programu ilikuwa ya kibinti, inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Alitaka mwanamke mzima. Na siku hizo mama yake Claudia, Eustakia, alikuwa amekuja kutoka Murusagamba kutibiwa kifua, akawa analala kwao.

Kwa watu wa huko mkwe na mama mkwe hawafungiwi chumba kimoja. Ni aibu, ni mwiko, hata mtoto anajua. Irambona alimwingiza studio hivyo hivyo, akamkalisha kwenye stuli mbele ya maikrofoni, akafunga mlango.

"Mkwe," bibi alisema, amegeuza uso ukutani kwa heshima, "mlango uache wazi kidogo."

"Kelele za stendi zitaingia, mama. Sema: ka."

"Ka."

"Ki. Na usipumue hapo katikati, unaniharibia."

"Mwanangu, nisipumue?"

"Utapumua ukimaliza."

Akamkalisha hivyo mpaka jioni, bibi anatamka vipande visivyo na maana, anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa, chumba kinanuka ile dawa ya kuchua aliyojipaka kifuani. Alipoondoka Irambona alikaa akazikata pumzi zake zote kwenye skrini, moja baada ya nyingine, na vikohozi vyote, akavitupa, kisha akalimwaga hata pipa la taka la kompyuta. "Uchafu mtupu," alisema. Mama wa watu alirudi Murusagamba, na haukupita muda mrefu akafa.

Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Jembe lake likaegemezwa ukutani ndani, lisiguswe. Familia hiyo asili yake Burundi, na kwao msiba haujaisha mpaka ifanyike siku ya kuganduka, ndipo ndugu wote wanakutana, wanakunywa pamoja, kazi za marehemu zinashikwa tena. Kabla ya hapo ukitumia jembe lake unakuwa umemtuma kazi yeye mwenyewe, akiwa bado njiani.

Claudia alimfuata mumewe mlangoni mwa studio. "Baba Kaneza, nakuomba. Ile sauti ya mama usiiguse mpaka tumeganduka."

"Sauti si jembe, Claudia. Sauti ni faili."

"Ilikuwa yake."

"Ndiyo maana hamuendelei," akasema, akafunga mlango.

Sentensi aliyojivunia zaidi ilikuwa ile ya kuomba kuingia, ambayo mtoto wa shule husema akichelewa: "Mei ai kamu in?" Kuijaribu alimwita bintiye Kaneza, msichana wa chekechea, akamfundisha kujibu kwamba ndiyo, ingia. Mashine ikauliza. Kaneza akajibu kwa sauti ya furaha, "Yesi, kamu in!" Kisha akatazama mlango uliofungwa.

"Baba, bibi alikuwa nje?"

"Bibi kafa. Nenda ukacheze."

Kesho yake ndiyo kompyuta ilivuta pumzi.

Aliikata ile hewa, akahifadhi kazi. Akaipiga tena, na hewa ikawepo, safari hii ndefu zaidi, na mwisho wake kuna kile kimlio cha kifua kibovu. Akaikata. Ikarudi. Alikuwa bado anailaani, anawalaani Wajapani na umeme wa Ngara, alipohisi harufu ya dawa ya kuchua, si kwa mbali, hapo hapo begani, na mlango aliokuwa ameukomea kwa ndani akaukuta umeachwa wazi kidogo.

Claudia akapiga simu. "Njoo nyumbani. Kaneza hapumui vizuri."

Mtoto alikuwa kakaa kitandani, mdomo wazi, mabega yanapanda na hakuna kinachoingia. Hospitali walimsikiliza kifua, wakampiga picha, wakamweka kwenye oksijeni, na daktari akasema kifua ni safi kabisa, haelewi. Baada ya siku mbili walirudi naye nyumbani anaongea neno moja moja, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Ma. Ma. Ma. Ji." Irambona aliitambua ile namna ya kusema, maana ndiyo aliyokuwa akiitengeneza mchana kutwa. Lakini unadhani alisema? Alijifanya anatafuta chaja ya simu.

Claudia hakumwomba mumewe ruhusa. Akamwita mjomba wake Nzeyimana kutoka Murusagamba, mdogo wake marehemu, mzee mfupi mwenye koti kubwa kuliko yeye. Irambona akampa shikamoo ya mdomoni tu, akakaa amekunja nne. Mzee aliitikia marahaba, akamsikiliza mtoto anavyopumua, akaomba apelekwe studio asikilize na kule. Huko aliisikia sauti ya dada yake ikisema Kiingereza, na machozi yakamtoka.

"Hiki anachosema alikijua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," Claudia alinong'ona.

"Kafa hajui, mnamsemesha." Akamgeukia Irambona. "Umemnyima pumzi akiwa hai, ukamfungia mlango, ukamtuma kazi kabla hatujaganduka. Sasa amekuja kuchukua zake. Anauliza kama aingie, na anayemwitikia ndiye anayempa. Mtoto alimwitikia."

"Kwa hiyo tufanyeje, mjomba?" Claudia aliuliza.

"Huyu aliyezikata aingie humo mwenyewe. Mlango aache wazi. Dada yangu akiomba kuingia, amkaribishe kwa mdomo wake, amwombe radhi, ampe. Halafu tukaganduke, afute hii takataka."

"Nimpe pumzi zangu?" Irambona alicheka, ila kicheko kilikuwa kidogo. "Na mimi nibaki na nini?"

"Hakuwa mchoyo yule. Ukimwomba vizuri atachukua zile zile ulizomkata, akuachie nyingine."

"Mjomba, mimi nimesoma. Nipeni mpaka kesho."

Mpaka kesho! Mtoto wake midomo imeanza kuwa ya bluu, naye anataka mpaka kesho. Claudia alimtazama kama unavyotazama kitu kilichokwama kwenye kiatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na Irambona aliliona lile jicho, likamuuma kuliko maneno ya mzee.

Akabaki peke yake studio, akawaza, na alichowaza nakwambia kwa kinyaa. Aliwaza: kama anayeitikia ndiye anayetoa, waitikie wengi. Shule nzima ipo mstarini kila asubuhi. Kila mtoto akitoa kidogo, nani atajua? Vikohozi viwili vitatu, watasema vumbi. Kaneza wake atapona, yeye hatamwomba radhi bibi wa migombani, na kazi ya Fideli itakuwa imefika. Hakuona aibu. Alijiona ana akili.

Kitu kimoja tu kilimkera. Watoto wale wataitikia kwa kile Kiingereza chao cha viazi. Hilo hakulivumilia. Akasogeza maikrofoni, akafumba macho, akaweka mfano wa jibu kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kujipenda, baada tu ya swali: "Yesi, kamu in." Akajisikiliza, akatabasamu. Akaiweka kwenye flashi, akampelekea Fideli jioni ile ile.

Asubuhi alisimama dirishani nyumbani, mikono mfukoni. Kitandani Claudia kamshika Kaneza mapajani, mtoto macho yamegeuka juu, kifua kinatetemeka, na mzee Nzeyimana kapiga magoti anasali rozari. Kutoka kilima cha pili spika za shule zikakoroma, Fideli akapuliza maikrofoni, watoto wakanyamaza, na ile sauti ya mwanamke ikapita juu ya mabati ya watu, ikashuka bondeni, ikapanda mpaka pale dirishani, polepole, na katikati ya kila neno ikivuta hewa kwa taabu, mpaka kina mama wauza ndizi barabarani wakasimama wakaangaliana.

"Mei... ai... kamu in?"

Watoto mia na ushei walifungua midomo. Lakini kabla hawajasema, mtu mwingine aliwatangulia.

"Yesi, kamu in," ilisema sauti ya Irambona.

Kaneza akavuta pumzi moja ndefu, akapiga kelele, akalia kama alivyolia siku ya kuzaliwa. "Mama! Nataka uji!" Claudia akamkumbatia, akalia naye. Irambona akageuka, uso unang'aa, kidole juu. Kilimani watoto walikuwa wakiitikia, lakini swali lilikwisha kujibiwa.

"Mme. O. Na. Ni. Li. Wa. A. Mbi. A," alisema.

Akasita. Akajaribu kuvuta hewa ya kuendelea, na hewa haikuja. Alishika kifua. Alimtazama mzee, na sasa dharau yote ilikuwa imemtoka, macho yanaomba, na mdomo unaachama unafumba na hakuna neno la kuomba radhi linaloweza kutoka bila hewa ya kulisukuma, na Claudia akasikia harufu ya dawa ya kuchua ikipita karibu naye, ikimzunguka mumewe kwa mbali kidogo, kama mama anayejiepusha kumgusa mkwe wake, mpaka ikafika mbele yake ikatulia.

"Mama," Claudia alinong'ona, "mwachie kidogo."

Mlango wa chumba ukajifungua, ukabaki wazi kidogo. Irambona akapiga magoti, halafu akalala.

Walimzika. Msiba wa Eustakia waliumaliza Murusagamba, wakaganduka, jembe likashikwa, na Kaneza anapumua mpaka leo, anapiga kelele za kutosha. Wa Irambona bado. Claudia alipanda kilima kwenda kwa Fideli akamsihi aifute ile sauti, au angalau asiipige ile ya mumewe mpaka msiba uishe.

"Mama Kaneza," Fideli alimjibu, akitabasamu na kufumba macho kidogo, "hizo imani za kwenu Murusagamba ziacheni huko huko."

Bado anaipiga kila asubuhi. Sauti ya mwanamke siku hizi inapumua vizuri, hewa nyingi, nzito, ya kifua cha mwanamume, na wazazi wanaisifia. Ila lile jibu la Irambona limeharibika. Linatoka kavu, na mwisho wake pana mtu anakohoa. Juzi Fideli ameichukua flashi, amepanda basi kwenda Biharamulo, kuna kijana huko naye ana programu ile ya Wajapani. Alimwekea mezani, akamwonyesha penye kikohozi.

"Hapo," alimwambia. "Hapo anapokohoa, nikatie."