Imekwenda, Lakini Haijarudi

Jumamosi ile asubuhi Corinne alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Juu yake, mume wake Wendell alikuwa anatoa majani makavu kwenye mifereji ya paa. Wendell ana miaka sabini na moja. Corinne alikuwa amemsihi amtafute fundi, lakini Wendell akishaamua jambo hasikii la mtu.

"Shika vizuri, mama. Usiniangushe."

"Ukianguka nakuzika na hiyo ndoo yako, narudi zangu Akron."

Huko Akron, kaskazini kwenye theluji, ndiko walikoishi karibu miaka hamsini. Wendell alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha matairi. Lakini alizaliwa hapa Florida, katika mji huu mdogo ulio jirani na Rasi ya Canaveral, ambako roketi hurushwa. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye minara ya roketi. Safari za mwezini zilipokoma, kazi zilikwisha, na kijana Wendell akaenda kutafuta maisha. Sasa amestaafu. Wiki tatu zilizopita walihamia katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yake. Tangu siku hiyo Wendell alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Ilipokaribia saa nne, majirani walianza kutoka uani na vikombe vya kahawa mkononi. Ndiyo desturi ya mji huu siku roketi inaporuka. Wendell alishuka, akajifuta mikono, akasimama kando ya mkewe.

Mwanga mkali ulitokea nyuma ya miti. Wendell akaanza kuhesabu kwa sauti, kama baba yake alivyomfundisha. Alipofika hamsini na tatu, ngurumo iliwafikia, na vioo vya madirisha vikatetemeka kidogo. Roketi ilipanda, ikawa nukta, ikapotea. Ulibaki mstari wa moshi tu.

"Imekwenda," alisema Wendell. Baba yake naye alikuwa akisema neno hilo hilo, kisha kila mtu anarudi kazini. "Nimekua na vitu hivi, Corinne. Ikishakwenda, basi."

Alipanda tena ngazi. Corinne aliingia jikoni kukaanga samaki. Mafuta yalikuwa yameanza kuchemka.

Dakika chache baadaye dunia ilipasuka. Hivyo ndivyo Corinne alivyoona. Vishindo viwili vikubwa vilipiga, kimoja nyuma ya kingine, kama mtu amelipua baruti ukutani. Sahani ya mama yake ilidondoka kutoka kwenye rafu, ikavunjika. Mkono ulimruka, ukakigonga kikaango, na mafuta ya moto yakamwagika sakafuni, shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake vya miguu. Akili ilimwambia jambo moja tu: gesi imelipuka, na Wendell amekufa.

Kisha alisikia ngazi ikianguka.

Alimkuta Wendell amelala kwenye kichaka cha maua, macho wazi, anatazama mbingu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda vibaya. Corinne alipiga magoti, akamshika uso.

"Imelipuka," alinong'ona Wendell. "Roketi imelipuka."

Lakini ng'ambo ya ua majirani walikuwa wanapiga makofi.

* * *

Jioni walirudi kutoka hospitali. Mkono wa Wendell ulikuwa umefungwa plasta ngumu hadi kwenye kiwiko. Corinne alipita moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku, akaanza kupanga nguo.

"Unafanya nini?" aliuliza Wendell mlangoni.

"Naenda kwa dada yangu Akron. Kule kuna theluji, lakini theluji haipigi kishindo."

"Corinne, hii ni nyumba ya baba yangu."

"Najua. Na leo nusura niwe mjane ndani ya nyumba ya baba yako. Ulisema unazijua roketi."

Wendell aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. Alikuwa na aibu. Corinne alimwonea huruma, lakini hakuacha kukunja nguo.

Mlango uligongwa. Alikuwa Marisol Quintero, jirani wa nyumba ya tatu. Marisol ni mzaliwa wa Puerto Riko, na alikuwa amewaletea sufuria ya wali wa mbaazi.

"Nimesikia mzee ameanguka," alisema. "Poleni sana. Mama Corinne, roho yangu imeniuma. Roketi yenyewe ndiyo kazi yangu. Ikishatua, sisi ndio tunaoikagua na kuifunga isianguke."

"Ikishatua?" Corinne, aliyekuwa ameanza kupakua wali jikoni, aliweka kijiko mezani. "Kwani ile haikulipuka?"

"Haikulipuka hata kidogo. Ilirudi nyumbani."

"Nimewahi kuona kwenye televisheni kwamba zinarudi," alisema Wendell. "Nilidhani zinatua mbali, baharini."

"Nyingine baharini, mzee, nyingine hapa kwetu. Sehemu ya juu inaendelea na mzigo. Sehemu ya chini, yenye injini kubwa, inageuka na kurudi. Zamani ilitupwa baharini kila safari. Ni sawa na wewe ununue ngazi, upande mara moja, uitupe."

"Ile yake ningependa aitupe," alisema Corinne, na Marisol akacheka.

"Na kile kishindo?" aliuliza Corinne.

"Umeshakaa gatini pale mtoni, boti ya kasi ikapita? Boti imeshapita, ndipo mawimbi yanakuja kugonga gati. Roketi inashuka kwa kasi kuliko sauti. Inaisukuma hewa, hewa inajikusanya, inakuja kwetu kwa mapigo mawili, moja la ncha ya chini, jingine la ncha ya juu. Ni hewa tu, mama. Inaweza kutikisa dirisha au kuangusha sahani. Lakini asiyejua, akiwa juu ya ngazi au mbele ya mafuta ya moto, anaweza kuumia. Nyinyi mmeyaona."

Corinne alitazama doa la mafuta sakafuni.

"Na ikikosea njia? Ikituangukia kichwani?"

Marisol hakulicheka swali hilo. "Kukosea inaweza. Kutua si mchezo. Nipe ufagio."

Alipewa. Aliugeuza, akasimamisha mpini wake juu ya kiganja. Ufagio uliyumba. Marisol akawa anausogezea mkono huku na huku usianguke.

"Roketi ni ndefu kama ghorofa kumi na nne, na inashuka hivi, wima. Tangi karibu tupu, limebaki mafuta kidogo tu. Injini lazima iwake kwa wakati wake. Ikichelewa sekunde moja, roketi inajigonga chini. Ikiwahi, inasimama hewani kabla ya kufika, halafu inaanza kupanda tena, kwa sababu nguvu ya injini inazidi uzito uliobaki. Kasi lazima iishe pale pale miguu inapogusa ardhi. Upepo nao unasukuma."

"Lete nijaribu," alisema Wendell. Ufagio ulikaa kiganjani mwake sekunde mbili, ukamwangukia kwenye plasta. "Aa. Sasa nimeelewa."

"Ndiyo maana haielekezwi mjini," Marisol aliendelea. "Inalengwa majini, nje ya pwani. Injini ikiwaka vizuri, ndipo inajisogeza hadi kwenye uwanja wake. Isipowaka, inaanguka baharini. Na ndani hakuna mtu."

Corinne aliurudisha ufagio pembeni. "Mbona hakuna aliyetuambia?"

"Taarifa hutolewa kila mara, kwenye simu na redioni. Lakini watu wanauliza roketi itaruka saa ngapi, basi. Hamkuuliza swali la pili: itarudi wapi? Ikitua kwenye jukwaa baharini, mbali, hapa hamsikii kitu. Ikirudi nchi kavu, kaeni tayari. Inachukua kama dakika nane tangu kuruka. Shukeni kwenye ngazi, zimeni jiko, toeni vyombo kwenye rafu za juu. Na mama, kumbuka hili moja. Ukisikia kile kishindo hapa, roketi kwa kawaida imeshatua. Ndiyo kwanza habari inakufikia."

Corinne alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Usiku ule sanduku lilibaki wazi sakafuni.

"Nitasubiri moja," alimwambia Wendell. "Moja tu. Nikiona roho haitulii, naondoka, na wewe utachagua kati yangu na mifereji yako."

* * *

Siku kumi na mbili baadaye Wendell alisoma taarifa kwenye simu, mara mbili. "Saa tisa alasiri," alisema. "Inarudi nchi kavu."

Corinne alizima jiko. Aliteremsha sahani zilizobaki. Ngazi ilikuwa imelazwa kwenye majani tangu asubuhi. Roketi iliruka, Wendell akahesabu, ngurumo ikaja. Safari hii hakusema imekwenda. Walibaki uani, Corinne amemshika mumewe mkono mzima.

Nukta ilitokea juu kabisa. Ilikuwa inaanguka, na hakuna kilichoizuia. Corinne aliona hakika itajigonga. Ghafla moto uliwaka chini yake, kimya kabisa, na ile nguzo kubwa nyeupe ikapunguza mwendo, ikafungua miguu, ikazama polepole nyuma ya miti.

"Imetua," alisema Corinne. Hakuyaamini macho yake.

Ndipo vishindo vilipowafikia. Corinne alishtuka, mabega yakamruka, lakini kikombe chake hakikumwagika. Aligeuka. Kahawa ya Wendell ilikuwa yote kwenye shati lake.

"Mtoto wa fundi wa roketi," alisema Corinne, na akacheka hadi machozi yakamtoka. Jioni ile alirudisha nguo kabatini, na sanduku akalisukuma chini ya kitanda.

* * *

Mwezi wa tano familia mpya ilihamia ng'ambo ya barabara, kutoka Michigan. Mume anaitwa Grady. Siku moja roketi iliruka asubuhi. Grady aliitazama pamoja na majirani, akafurahi, kisha akapanda ngazi kupaka rangi ukuta wake.

Corinne alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika saba. Alizima jiko na kuvuka barabara na aproni yake, mbio.

"Kijana, shuka."

"Roketi imeshakwenda, mama," alisema Grady huku anachovya brashi.

"Imekwenda, lakini haijarudi. Shuka hapo sasa hivi, au naivuta ngazi."

Grady alishuka akiguna. Alikuwa ameweka mguu wa pili kwenye majani, na alitaka kusema neno, vishindo vilipopiga. Kopo la rangi lililokuwa juu ya ngazi lilitikisika, likadondoka, likapasuka kwenye saruji mbele ya miguu yao. Grady alibaki anatazama ile rangi, kisha ile saruji.

"Umejuaje?" aliuliza.

Corinne alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Wendell alikuwa amesimama barazani, anakuna mkono uliotolewa plasta juzi.

"Mume wangu alinifundisha," alisema. "Kwa kuanguka."

Kisha alirudi kuwasha jiko, maana samaki wake walikuwa wameiva upande mmoja.